Mshono Uliorudiwa Mara Tatu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijashika mkasi wa kukatia vitambaa nikafanya jambo la kunitia aibu, maana wivu umenizidi, na naandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya wanafunzi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nitaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la gazeti lenu nikienda kazini, sitaki kumpa mtu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tuko mafundi watano na cherehani tano zimepangwa mstari mmoja, yangu ni ya pili kutoka mlangoni. Nina miaka thelathini na mmoja, nina mume, tumekaa miaka sita, na nina mimba ya miezi saba, mimba tuliyoitafuta kwa machozi, kwa sababu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano na tangu hapo nilikuwa nikipewa kushona sketi za darasa la kwanza nashona huku natazama pembeni. Sasa badala ya kufurahi nimekaa na moto kifuani, kwa sababu mume wangu ameniletea ugonjwa ndani ya nyumba, na aliyempa ninamjua, nashinda naye chumba kimoja, tunachangia boksi moja la bobini za uzi.

Ngoja nianze mwanzo usije ukasema natia chumvi. Mume wangu ni fundi rangi wa majumba, kazi yake kupanda ngazi na kupiga magoti, na suruali zake huisha magotini kabla ya mwezi kuisha, na tangu tuoane hakuna mkono uliowahi kuzitia kiraka isipokuwa huu wangu. Mshono wangu naujua kama ninavyoijua sauti yangu. Nikifika mwisho narudisha cherehani nyuma mara mbili ili uzi usifumuke, nakata, basi. Sasa siku moja ya kufua, wiki kama tano zilizopita, nimekaa nje kwenye kigoda, nimegeuza suruali yake ya bluu ndani nje nikung'ute vumbi la rangi, nikaona kiraka. Kiko gotini, kimekaa sawasawa, pembe zimekunjwa kwa adabu, uzi wa kahawia, na mwisho wa mshono umerudiwa mara tatu. Mara tatu, mshauri! Povu likanikaukia mikononi. Kwa sababu katika chumba chetu kizima ni mtu mmoja tu anayerudi mara tatu, kama mtu aliyefunga mlango kisha akaurudia kuusukuma aone kama umefungika kweli, na mtu huyo ndiye anayekaa kwenye cherehani ya mwisho, ya dirishani.

Tunamwita Dirishani. Ni mwanamke mwenye kiuno cha kushikika kwa viganja viwili, aliachika miaka mitatu iliyopita, hana mtoto, na akicheka wenye duka huko chini wanauliza kuna nini. Mimi siku hizi nikisimama ni gunia lililofungwa kamba katikati. Zamani tulikuwa tunapatana, nisiseme uongo, na mume wangu akinifuata jioni alikuwa akimsalimia "shemeji" na mimi naona sawa tu. Kumbe nilikuwa nimelala usingizi wa pono.

Utaniuliza kama nilimuuliza mume. Nilimtegea. Niliiweka ile suruali kitandani, kiraka juu, nikakaa nione. Akaichukua, akaikunja, akaiweka mahali pake. Nikamwambia, "Suruali imepona yenyewe?" Akasema, "Kuna mtu alinisaidia, sikutaka kukusumbua na hali yako hiyo." Kuna mtu! Mtu gani huyo asiye na jina? Nakiri kwamba wiki mbili kabla ya hapo, alipoileta imechanika kwa mara ya tatu, miguu ilikuwa imenivimba, nikamrushia nikamwambia, "Mpelekee mwingine akushonee, mimi nimechoka." Lakini mshauri, wewe ni mtu mzima, mtu akisema hivyo ana maana apelekewe mwingine kweli?

Sasa sikia ugonjwa. Wakati huohuo nilianza kusikia moto nikienda haja ndogo. Kazini kwetu choo ni kimoja, kiko chini nyuma ya duka, ngazi kumi na tisa, ufunguo anao msimamizi na kila ukimwomba anatazama saa, kwa hiyo nimezoea kubana, nabana mpaka nimalize kola kumi, na maji nimepunguza kunywa nisiwe mtu wa kushukashuka. Moto ule sikuupeleka kliniki. Nilikuta kwenye droo vidonge vya rangi mbili alivyobakiza mume wangu alipong'olewa jino, nikameza siku tatu, moto ukapungua, nikajiona daktari. Wiki haijaisha kukaanza kuwasha. Unisamehe kwa lugha, lakini nilikuwa nawashwa ukeni mpaka kiti hakikaliki, na ute mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, nashona huku nimepandanisha miguu. Ndipo nikaenda. Muuguzi, mama mmoja wa makamo, akachukua kipimo, akaniambia ni fangasi, akanipa vidonge vya kuweka ukeni kwa siku saba. Kisha, akiwa ameinamia kadi yangu anaandika, bila hata kunitazama, akasema, "Siku nyingine uje na mume wako."

Hapo ndipo dunia iliponizunguka. Aje kufanya nini kama si yeye aliyeleta? Mimi sijatoka nje ya ndoa hata kwa mawazo, sasa hao fangasi wametoka wapi, wamepanda zile ngazi kumi na tisa wenyewe? Nikajumlisha kiraka na fangasi, nikapata Dirishani.

Dawa niliziacha siku ya pili, nikasema siwezi kutibu ugonjwa wa watu, atibiwe kwanza aliyeuleta. Mume sikumwambia kitu. Nikamgeuzia mgongo. Akinigusa bega naliondoa bega, akiuliza amekosa nini namwambia ajiulize mwenyewe. Lakini wivu una vituko, mshauri. Huku namkasirikia, huku naogopa asije akaniacha. Nilisikia nina harufu ambayo si yangu, na nikiwaza yule wa dirishani ananukia sabuni tu kutwa nzima roho inaniuma. Basi nikaanza kujisafisha kwa ndani. Shoga yangu wa cherehani ya kwanza aliniambia yeye hutumia maji ya uvuguvugu na siki, mimi nikaongeza na sabuni ya manukato ya waridi, asubuhi na jioni, naingiza kidole mpaka ndani, inawaka mpaka machozi yananitoka na mimi nasema haya, dawa inafanya kazi.

Halafu ili nisionekane gunia mbele ya mwenye kiuno, nilichukua mabaki ya kitambaa cha nailoni kinachovutika, kile tulichoshonea nguo za michezo, nikajishonea taiti tatu za kubana, zinaanzia chini ya matiti mpaka mapajani, nimezitia lastiki mbili mbili, nashinda nazo asubuhi mpaka jioni kwenye kiti cha plastiki chini ya bati. Mimi fundi, usifanye mchezo. Tumbo la miezi saba likawa la miezi mitano. Dirishani mwenyewe akanitazama akasema, "Dada, hiyo haikubani?" Nikamjibu, "Imekubana wewe?" Msimamizi akajifanya anatafuta chaki.

Niliyokuandikia mpaka hapa ungeweza kusema ni dhana, sasa nakupa niliyoyaona kwa macho yangu. Siku niliyopangiwa kupimwa sukari, ile ya kwenda bila kula, niliaga nyumbani kwamba nakwenda kliniki, lakini miguu ikanipeleka kwenye duka la viatu linalotazamana na jengo analopaka rangi mume wangu. Nilijifanya nachagua viatu karibu saa mbili nzima, muuzaji akanivalisha jozi tisa na hakuna hata moja iliyokaa vizuri kwa uvimbe. Saa sita kamili, wakati wa mapumziko, namwona nani anakuja na mfuko mkononi? Dirishani! Mume wangu akashuka kwenye ngazi, akapokea mfuko, akachungulia ndani, nikaona mguu wa suruali. Wakasimama wanaongea, mume wangu ameshika kichwa, yule naye anakunja vidole kimoja kimoja kama anayehesabu kitu, kisha nikamsikia mume wangu, maana yeye sauti yake haina siri, anasema, "Usimwambie." Asimwambie nani kama si mimi? Nilitoka pale mbio mbio na kiatu kimoja cha duka mguuni, ikabidi muuzaji anikimbilie barabarani.

Kwa hiyo nina mpango. Ijumaa hii bosi anakuja kukagua kazi, mafundi wote watakuwepo. Nataka nisimame katikati ya chumba na ile suruali, niigeuze ndani nje, niwaonyeshe mshono, kisha niutaje na ugonjwa wangu mbele ya wote, ili kila mtu ajue Dirishani anawagawia wenzake nini. Nikimaliza napanda basi kwenda kwa mama yangu, ni safari ya kutwa nzima, nikajifungulie huko. Nguo nimeshapanga. Kinachonitatiza ni kama nianze na suruali au nianze na ugonjwa, na pia kile kiti cha basi nakiogopa, maana tangu juzi tumbo linakaza kwa chini linaachia, linakaza linaachia, na kuna majimaji yanalowesha taiti mpaka nabadilisha mara tatu kwa siku, nadhani ni hao fangasi wamezidi, lakini hilo nitaliangalia nikishafika kwa mama.

Nijibu haraka. Usiniambie nisamehe, na usiniambie nimefikiria vibaya, nina ushahidi wa uzi. Jina langu usilichapishe. Namba ya simu nimeiandika hapo chini, ni ya kwako tu.

Ni mimi,
Fundi wa Cherehani ya Pili

*

Fundi wa Cherehani ya Pili,

Barua yako ilifika mezani kwangu Jumatano saa tatu asubuhi. Nina miaka kumi na minne kwenye ukurasa huu, na wanaousoma wanajua kwamba mimi hujibu kwa kalamu, simu sipigi. Siku hiyo nilipiga. Umeniruhusu kueleza kilichotokea, basi nitaeleza, kisha nitakugombeza, na ujiandae.

Nilipita kwenye kiraka chako, nikapita kwenye kiuno cha watu, nikapita kwenye jozi tisa za viatu, nikafika kwenye yale maneno uliyoyachomeka mwishoni baina ya suruali na kiti cha basi. Tumbo linakaza na kuachia. Majimaji yanalowesha nguo. Mimba ni ya miezi saba, na ya kwanza ilitoka. Binti yangu, barua yako ilikuwa hiyo tu. Hayo mengine yote yangeweza kusubiri.

Simu hukuipokea wewe. Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti changamfu, akasema mwenye simu ameshuka chooni, ni mara ya nne tangu wafungue kazi. Siri yako sikuitoa. Nilimwambia tu kwamba ni jambo la kliniki na haliwezi kungoja hata saa moja. Akasema, "Basi mama, nampeleka mimi. Tangu jana namwona anashika tumbo. Mwenyewe hataki hata kunitazama, sijui nimemkosa nini, lakini nampeleka." Wewe ndiye uliyenisimulia kilichofuata. Alizima cherehani yake, akakukuta juu ya ngazi unamalizia kupanda, akakugeuza. Ulimtukana ngazi zote mpaka chini, naye hakukuachia mkono. Huyo ndiye Dirishani.

Ijumaa uliyopanga kuonyesha suruali ilikukuta wodini. Chupa ya uzazi ilikuwa haijapasuka, na hilo nalishukuru mpaka leo. Lakini madaktari walikuta fangasi uliowaacha bila kuwatibu, juu yao maambukizi mengine ya bakteria, mkojo nao una maambukizi yaliyokuwa yakilichokoza tumbo likaze, na sukari imepanda kupita inavyotakiwa kwa mjamzito. Siku nne walikutibu mpaka tumbo likatulia. Mtoto bado yumo ndani anapiga mateke. Haya, sasa kaa vizuri nikuseme.

Fangasi si cheti cha ugoni. Hukaa kimya kwenye miili ya wanawake wengi, walio na waume na wasio nao, na mimba yenyewe huugeuza mwili wakapata nafasi ya kuzaana. Ndiyo maana wajawazito wengi huwapata bila kosa la mtu yeyote. Wewe ukawaongezea nguvu. Ulimeza dawa za jino la mtu mwingine, na dawa za namna hiyo huua hata bakteria wazuri waliokuwa wakiwazuia fangasi wasizidi, mbali na kwamba ziko zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni. Sukari yako ilikuwa juu na hukujua, na fangasi sukari wanaipenda. Kisha ukawafunika kwa nailoni ya kubana, kutwa nzima, kwenye joto la bati, umekaa juu ya plastiki. Mwezi mzima ulikuwa ukimtafuta aliyewaleta, kumbe nyumba yao umewashonea mwenyewe, na kwa ufundi wako ulivyo ukawatilia na lastiki mbili!

Na siki! Nilipofika kwenye siki nilisimama nikaenda kunywa maji. Uke hujisafisha wenyewe, hauhitaji kidole wala waridi. Maji matupu kwa nje yanatosha. Kule kuwaka hakukuwa dawa kufanya kazi, ulikuwa unajiunguza. Ukiosha ndani unaondoa walinzi, wanaingia bakteria wabaya, na hao ndio wenye harufu. Harufu uliyokuwa ukiikimbia uliiongeza asubuhi na jioni kwa mkono wako. Tena maambukizi hayo ndiyo yanayoweza kumtoa mtoto kabla ya siku zake, akazaliwa njiti, au chupa ikapasuka mapema. Mwambie na shoga yako wa cherehani ya kwanza aache, na siki airudishe jikoni.

Sitakudanganya. Yapo maambukizi yanayotoka kwa mwenza, na mengine humdhuru mtoto. Hayo hujulikana kwa kipimo, na kwa kipimo tu. Huwezi kuchukua kiraka cha gotini ukakijumlisha na kuwashwa ukapata jina la mtu. Mlipimwa wodini, wewe na mumeo, na hakikuonekana chochote cha namna hiyo. Na yule muuguzi aliyekuambia uje na mume, nimemuuliza mkunga mmoja ninayemwamini, akacheka mpaka akakohoa. Huwaambia wote. Wewe mwenyewe siku uliyoruhusiwa uliniambia kuna bango ukutani pale kliniki, kubwa kama shuka, limeandikwa waume waje, na umelipita miezi saba.

Siku ya kupimwa sukari ukaenda kujaribu viatu. Hapo sina la kuongeza, wewe mwenyewe ulipolisema kwa sauti kwenye simu ulilisikia lilivyo.

Sasa mumeo. Umeniuliza kama mtu akisema "mpelekee mwingine" ana maana apelekewe mwingine kweli. Mwanamume aliyechanika gotini, ambaye suruali imerushwa ikamwangukia kifuani, anaelewa hivyohivyo. Akampelekea fundi pekee anayemfahamu zaidi yako. Na vidole ulivyoviona vikikunjwa vilikuwa vinahesabu safari zako za chooni, zilizokuwa zimezidi siku hizo hata ukibana. Amekuambia mwenyewe pale wodini: alikuwa akimuuliza Dirishani hali yako kwa sababu wewe ulikuwa umempa mgongo, na mgongo haujibu maswali. Alishika kichwa kwa kuwa aliona ile mimba ya kwanza inajirudia. Alisema "usimwambie" ili usijue kwamba anaogopa.

Na wewe fundi rangi, usijifiche nyuma ya ndoo, najua mkeo atakusomea. Ungemkalisha ukamwambia, "Mke wangu, naogopa." Maneno matatu. Ulipochagua kunong'ona na mwanamke mwingine mbele ya jengo zima, tena kwa sauti yako hiyo, ulitaka mkeo afikirie nini? Kliniki mtakwenda wote kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na ukikosa kazi siku hiyo, ukuta hautakimbia.

Msimamizi wa chumba cha ushonaji nawe unasoma, maana barua nimeletewa nyuma ya karatasi zako. Mpe mjamzito ufunguo wa choo akae nao mfukoni. Kubana mkojo kunaweza kuwapa bakteria nafasi ya kuzaana, na saa yako itaendelea kwenda hata usipoitazama.

Turudi kwako, Cherehani ya Pili. Dawa ulizopewa umeze na uweke zote mpaka ya mwisho, hata kuwashwa kukiisha kesho. Kidonge kilichobaki cha mtu mwingine kisikuingie tena mdomoni. Maji unywe, mkojo usibane, ukijisafisha chooni uanzie mbele kwenda nyuma. Sukari upimwe kila watakapokuambia, na chakula ule kama walivyokupangia. Kila baada ya kola kumi simama, tembea mpaka mlangoni. Zile taiti tatu zifumue, lastiki zikafae kwenye kaptura za wanafunzi. Na siku ukiona tena majimaji, au damu, au tumbo linakaza na kuachia, au homa, au mtoto amepunguza kucheza, usinitafute mimi. Nenda hospitali hapohapo na hizo nguo ulizovaa. Gazeti hili hutoka mara moja kwa wiki, na mtoto hasubiri gazeti.

Uliniambia bado unakionea wivu kile kiuno. Endelea, mama. Daktari amekukataza siki, wivu hakuutaja. Lakini uuseme kwa mdomo mapema, ukiwa bado mdogo, mbele ya mtu unayemshuku, kabla haujaanza kuvizia watu kutoka kwenye maduka ya viatu. Kama kuna kingine kati ya watu hao wawili mimi sikijui, na wewe hukijui. Ninachokijua ni kwamba mmoja alikuwa anashindwa kupaka rangi kwa kukuwaza, na mwingine amekushika mkono ngazi kumi na tisa huku unamtukana.

Nilidhani tumemalizana. Juzi mchana simu ikalia tena, ni wewe, na sauti yako ni ya mtu anayetaka kulia na kugombana kwa wakati mmoja. Ukasema umeletewa kifurushi nyumbani. Yule wa dirishani alisikia wodini kwamba unatakiwa kuvaa pamba na nguo zisizobana, akakaa wakati wa mapumziko ya mchana siku tatu mfululizo, akakushonea chupi sita za pamba tupu, pana, laini, nafasi ya tumbo ameiacha ya kutosha. Ukasema umezigeuza ndani nje. Nilijua tu kwamba utazigeuza.

"Mshono umerudiwa mara tatu, mshauri," ukaniambia. "Zote sita. Sasa nifanye nini?"

Zifue, zianike juani, uzivae.